Sauti na Maana: Maoni juu ya Vitabu vya Kuwafundishia Watoto Kusoma

Kusoma ni kitenzi kimoja chenye kazi nyingi. Mtoto ajifunzaye herufi asoma. Mwanafunzi wa chuo kikuu asoma. Mtu atamkaye maandishi kwa sauti mbele ya watu asoma. Na yule ayatazamaye kimya akayaelewa asoma vile vile. Lugha imeyakusanya mambo haya chini ya neno moja, na watungaji wa vitabu vya watoto, kwa sehemu kubwa, wameyachukua kana kwamba ni jambo moja. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kutamka maandishi na kuyaelewa ni mambo mawili. Kwamba Kiswahili, kwa sababu ya wema wa maandishi yake, humwezesha mtoto kulipata la kwanza bila ya la pili kwa urahisi kuliko lugha nyingi. Na kwamba vitabu vya kwanza vya kusomea, pamoja na vipimo vya kazi ya vitabu hivyo, havijaiangalia hatari hii kama ipasavyo.

Wema wa maandishi yetu haukanushiki. Vokali zetu ni tano, na kila moja ina alama yake ambayo haibadiliki. Silabi nyingi ni konsonanti na vokali tu. Mtoto aliyekwisha jua ka, ta na pa hana haja ya kuuliza jinsi ya kutamka kata, taka, pata, wala kapa. Katika mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa Ulaya waliojifunza kusoma kwa maandishi ya lugha kumi na tatu. Waliona kwamba watoto wa nchi nyingi waliweza kuyasoma maneno ya kawaida sawasawa kabla ya kwisha mwaka wa kwanza wa shule, lakini mwendo wa watoto wa Kiingereza ulikuwa wa polepole zaidi ya mara mbili. Kiswahili hakikuwamo katika uchunguzi ule, lakini kwa tabia ya maandishi yake mahali pake ni pamoja na Kifini, Kitaliano na Kihispania, si pamoja na Kiingereza.

Haikuwa hivyo sikuzote. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitumia alama moja kwa i na e, na alama moja kwa u na o. Aghalabu p na b ziliandikwa kwa herufi moja, na katika mb na nd sauti ya puani iliachiwa msomaji aitambue mwenyewe. Neno lililoandikwa hivyo halikuweza kutamkwa barabara na mtu asiyelijua. Msomaji alilazimika kuuliza nafsi yake: ni neno gani lifaalo hapa, kwa kuyatazama yaliyotangulia na yafuatayo? Alielewa ndipo akatamka. Maandishi ya Kilatini, ambayo tahajia yake ilisanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, yaliuondoa mzigo huo, na hapana budi tushukuru. Lakini mzigo ulipoondoka, uliondoka pamoja na mazoezi yake. Msomaji wa leo aweza kutamka ukurasa mzima na asiwe amejiuliza swali hata moja.

Yako mahali machache ambapo maandishi yetu bado yamtaka msomaji aelewe kwanza. Mkazo hauandikwi. Neno barabara, likiwa na mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia kuu. Likiwa na mkazo juu ya silabi ya tatu kutoka mwisho, lina maana ya sawasawa. Mpe mtoto sentensi hizi mbili: Barabara imefungwa kwa mvua. Kazi yake aliifanya barabara. Mtoto azitamkaye kwa mkazo mmoja amezitambua herufi zote wala hakukosa hata moja, lakini sentensi ya pili hakuisoma. Mwalimu mwenye sikio jema hupata hapa kipimo ambacho hakigharimu kitu, na ni ajabu kwamba watungaji wa vitabu hukitumia kwa nadra.

Sasa tuvitazame vitabu vyenyewe. Sitataja kitabu kimoja, maana kasoro nitakayoieleza si ya mtungaji mmoja bali ni ya desturi. Desturi hiyo huanza kwa vokali, ikaenda kwenye ukurasa wa ba be bi bo bu, ikaunganisha silabi mbili kufanya neno, kisha ikayapanga maneno hayo kuwa sentensi. Hata hapo haina lawama. Lawama huanza pale sentensi zinapochaguliwa kwa ajili ya silabi zake peke yake, na kazi hiyo ikaendelea ukurasa baada ya ukurasa. Mfano wa namna hiyo, niliouunda mwenyewe, ni huu: Dada ana dodo. Dodo ni la dada. Dodo la dada ni dogo. Kila neno ni Kiswahili, na sarufi haina kosa. Hata hivyo hakuna litokealo. Hakuna mtu atakaye kitu, wala hakuna sababu ya kufika sentensi ya tatu ila kwamba imechapwa. Mtoto asomaye kurasa thelathini za namna hii hujifunza somo ambalo mwalimu hakukusudia kulifundisha, nalo ni kwamba vitabu havisemi kitu.

Wapo watakaojibu kwamba mtoto wa mwaka wa kwanza hawezi kupewa zaidi, kwa kuwa herufi azijuazo ni chache. Jibu hili halisimami. Tazama mfano wa pili: Bata wa bibi hayupo bandani. Bibi anamwita: Bata! Bata! Bata hajibu. Baba anatazama mtoni. Bata yuko mtoni, na nyuma yake wako bata wadogo watano. Maneno haya ni mafupi, yanarudiwarudiwa, na mtoto wa miezi michache shuleni ayaweza kwa kusaidiwa kidogo. Lakini humo mna kitu kilichopotea, mna mtu anayekitafuta, na mna jambo lisilotazamiwa. Mtoto afikapo kwenye mwito wa bibi hubadili sauti yake bila ya kuamriwa, kwa sababu amejua kwamba huo ni mwito. Na ukimwuliza kwa nini bata hakujibu, hatalipata jibu kwa kunyosha kidole juu ya ukurasa. Itampasa alitoe katika jambo zima alilolisoma. Tofauti ya mifano hii miwili haimo katika ugumu wa herufi. Imo katika heshima ambayo mtungaji amempa msomaji wake.

Jambo la pili ambalo vitabu hulipita haraka ni umbo la neno la Kiswahili. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na pengine kikanusho na urejeshi, vyote katika neno moja. Neno hatutawasahau ni sentensi nzima, na Mwingereza huyaandika hayo kwa maneno matano. Mtoto aliyezoezwa silabi tu huliona neno hili kuwa ni ha, tu, ta, wa, sa, ha, u: hatua saba zilizo sawa. Msomaji aliyekomaa hazioni hatua saba. Aona viungo vitano vyenye kazi mbalimbali: ha ya kukana, tu ya mtenda, ta ya wakati ujao, wa ya watendwa, na sahau iliyo mzizi. Silabi humfikisha mtoto kwenye sauti ya neno, lakini viungo ndivyo vimfikishavyo kwenye maana. Baina ya hatua hizi mbili kuna daraja, na ni vitabu vichache vilivyolijenga. Zoezi lake si gumu. Mwalimu aandike nitawaona, hatutawaona, mlituona, hamkutuona, kisha amtake mtoto aseme ni nani aliyemwona nani, na ni lini. Mazoezi kumi ya namna hii yana faida kuliko karatasi kumi za silabi zilizokwisha julikana.

Kutokana na umbo hili la neno hutokea shida ya vipimo. Katika miaka iliyopita imekuwa desturi kuupima wepesi wa mtoto kwa kuhesabu maneno asomayo sawasawa kwa dakika moja. Kipimo kilichotungwa kuanzia mwaka 2006 kwa kazi ya shirika la RTI la Marekani kilienezwa katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kwa haki ya watu waliokisimamia, yafaa nikiri kwamba walijua kuwa neno la Kiswahili si sawa na neno la Kiingereza. Katika mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za Kenya tangu mwaka 2015, mtoto alihesabiwa kuwa msomaji mwepesi wa Kiingereza akifika maneno 65 kwa dakika, lakini wa Kiswahili akifika maneno 45. Marekebisho haya ni ya busara, ila hayatoshi, kwa kuwa tofauti haipo baina ya lugha na lugha tu, bali imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mama yuko na mtoto wa jirani ni maneno sita yenye silabi kumi na mbili. Hatutawasahau waliotusaidia ni maneno mawili yenye silabi kumi na tano. Mtoto asomaye ukurasa wa sentensi za namna ya kwanza ataonekana mwepesi. Mtoto yule yule, siku ile ile, akipewa ukurasa wa namna ya pili ataonekana mzito. Hesabu imebadilika, lakini mtoto hakubadilika. Kama hapana budi kuhesabu, basi ni afadhali kuhesabu silabi, au kuhakikisha kwamba kurasa zinazolinganishwa zina maneno yaliyolingana kwa viungo.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika maswali yaulizwayo baada ya kusoma. Maswali mengi ya ufahamu katika vitabu vya watoto huwa ya nani, nini, wapi na lini, na jibu lake limelala ndani ya sentensi yenyewe. Katika Kiswahili maswali ya namna hii hayapimi kitu. Nitathibitisha kwa sentensi isiyo na maana yoyote: Mdopwe alizefua makelo jana jioni. Hakuna ajuaye mdopwe ni nani, wala makelo ni nini, wala kuzefua ni kazi gani, maana maneno hayo nimeyabuni. Hata hivyo, uliza: Nani alizefua makelo? Mdopwe. Mdopwe alizefua nini? Makelo. Alizefua lini? Jana jioni. Mtoto amepata maswali yote matatu, naye hakuelewa kitu, kwa sababu hapana kitu cha kuelewa. Upatanisho wa maneno na mpango wa sentensi zetu ulio thabiti ndio uliojibu. Basi kila tuambiwapo kwamba watoto kadha wa kadha wamefaulu katika ufahamu, yatupasa kuuliza kwanza: walifaulu kwa maswali gani?

Swali lipimalo ni lile ambalo jibu lake halikuandikwa lakini limo. Chukua sentensi hii: Wavuvi walipoliona wingu jeusi linapanda kusini waligeuza chombo wakarudi pwani kabla ya jua kuchwa. Ukiuliza wavuvi walirudi wapi, umeuliza swali la mdopwe. Ukiuliza waliogopa nini, umemlazimisha mtoto kulifunga wingu na dhoruba, na dhoruba na chombo, na hofu na marejeo. Jibu lake laweza kuwa la maneno mawili, lakini haliwezi kutolewa na mtu ambaye hakusoma kwa maana.

Sentensi hiyo hiyo yatuonyesha uhusiano wa kweli wa wepesi na ufahamu. Wapo wadharauo wepesi, wakasema kwamba la muhimu ni kuelewa tu. Nao wamekosea. David LaBerge na Jay Samuels walieleza mwaka 1974 kwamba akili ina kiasi chake cha uangalifu. Msomaji autumiaye wote katika kuzitambua herufi hana cha kubakiza kwa ajili ya maana. Mtoto afikaye mwisho wa sentensi ya wavuvi kwa taabu nyingi amekwisha sahau mwanzo wake. Wepesi basi wahitajiwa. Lakini wepesi si mbio. Msikilize mtoto asomaye hivi: Wavuvi walipoliona, wingu jeusi linapanda, kusini waligeuza, chombo wakarudi, pwani kabla, ya jua kuchwa. Huenda akaimaliza upesi, wala hakukosea neno, lakini ameikata sentensi kama akataye nguo pasipo kupima. Mwenye wepesi wa kweli husema: Wavuvi, walipoliona wingu jeusi linapanda kusini, waligeuza chombo, wakarudi pwani, kabla ya jua kuchwa. Mapumziko yake ndiyo ushahidi wa ufahamu wake. Kwa hiyo mwalimu asikilizaye mahali pa kupumzika hujua mengi kuliko yule atazamaye saa.

Njia ya kuupata wepesi huu yajulikana. Samuels alieleza mwaka 1979 njia ya kusoma kwa kurudia: mtoto hupewa kifungu kifupi, akakisoma mara kadha mpaka kikamlainikia, ndipo apewe kingine. Njia hii yafaa sana kwetu mahali ambapo vitabu ni vichache, kwa kuwa ukurasa mmoja hufanya kazi ya kurasa nyingi. Ila marudio yasiwe ya kasuku. Naona kila marudio yapewe haja yake: mara ya kwanza mwalimu asome na mtoto asikilize, apate kuijua sura ya sauti ilivyo, mara ya pili mtoto asome akiyatafuta maneno asiyoyajua, mara ya tatu asome kwa mapumziko yafaayo, na mara ya nne afunge kitabu akieleze kisa kwa maneno yake mwenyewe. Kisa kikielezwa vema, wepesi umekwisha timiza kazi yake.

Lugha yetu ina hazina ambayo ingefaa kwa mazoezi haya, nayo hutumiwa kidogo mno katika madarasa ya mwanzo. Utenzi una vipande vya mizani nane nane, na aghalabu kila kipande hufunga wazo au sehemu ya wazo. Mtoto apumzikapo mwishoni mwa kipande amepumzika mahali palipo haki, na kidogo kidogo sikio lake huzoea kwamba pumziko na maana hufuatana. Vitendawili navyo ni maandishi mafupi kuliko yote, lakini haviwezi kusomwa kwa sauti tu. Nyumba yangu haina mlango: maneno manne mepesi, kila mtoto atayatamka, ila asiyelipata yai hakukisoma kitendawili. Mtungaji atakaye kumfundisha mtoto kwamba maandishi huficha kitu chenye kutafutwa hana haja ya kubuni. Achote katika kisima kilichopo.

Nimebakiza hoja moja nzito, nayo ni ya watoto ambao Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Husemwa kwamba mtoto wa Usukumani au wa Uhaya afunzwe kutamka kwanza, na maana itamjia baadaye atakapoijua lugha. Hoja hii ina upande wa kweli. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, walipochunguza makosa ya watoto wa Tanzania katika kuendeleza maneno, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata lugha yenye tahajia ya kanuni si jambo jepesi kwa ajifunzaye. Kwa hiyo herufi zahitaji kufunzwa kwa bidii na kwa mpango. Lakini neno baadaye ndilo linitialo shaka. Mtoto wa Unguja na mtoto wa kijiji cha Shinyanga waweza kuitamka sentensi ya wavuvi kwa mwendo mmoja. Wa kwanza amewaona wavuvi, wa pili ameitoa sauti. Kipimo cha saa kitawapa alama moja. Hapo ndipo yule aliyekuwa na haja kubwa ya msaada hupotea machoni petu, maana amehesabiwa kuwa ajua kusoma. Kwake maana haiwezi kungoja. Yampasa asikie hadithi, aulizwe, ajibu na kusimulia kwa Kiswahili tangu siku za kwanza, na neno jipya alisikie kinywani mwa mwalimu kabla ya kulikuta katika ukurasa.

Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1986: kusoma ni kutambua maandishi mara kuelewa lugha. Si kujumlisha, bali ni kuzidisha. Katika kujumlisha, upungufu wa upande mmoja waweza kufidiwa na wingi wa upande wa pili. Katika kuzidisha, mia mara sifuri ni sifuri. Maandishi yetu hutupa mia ya kwanza kwa bei nafuu, na kwa sababu hiyo twashawishika kutoiuliza ya pili.

Mtaala ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliyatenga madarasa mawili ya mwanzo hasa kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini mtoto hasomi darasa la kwanza ili afaulu darasa la pili. Katika darasa la tatu hukutana na kitabu cha sayansi na vya masomo mengine, navyo havisemi dada ana dodo. Akivitamka vizuri bila ya kuvielewa hakuna atakayejua kosa liko wapi. Mwalimu atasema hana akili ya sayansi, mzazi atasema hana bidii, na yeye mwenyewe atayaamini yote mawili. Kosa lilikuwa katika kurasa za kwanza alizopewa, na katika maswali aliyoulizwa juu ya kurasa hizo. Nawasihi watungaji, wakaguzi na wataalamu wa lugha wayapime maneno haya kwa njia iliyo rahisi: wachukue kitabu chochote cha kwanza kilicho mezani pao, wayasome maswali yaliyo chini ya kila somo, na wahesabu ni mangapi ambayo mdopwe angeweza kuyajibu.